Uimara na Fahari: Hoja ya Magari Makubwa Jijini Arusha

Kata ya Elerai iko upande wa magharibi wa Jiji la Arusha, jirani na barabara kuu inayotoka mjini kwenda Kisongo, Makuyuni na hatimaye Dodoma, na kwa sababu hiyo wakazi wake huyaona kila asubuhi magari yanayoelekea Manyara, Ngorongoro na Serengeti, kisha huyaona tena siku chache baadaye yakirudi yamefunikwa vumbi hadi kwenye vioo. Ni vigumu kupata mahali pengine nchini ambapo magari makubwa ya kupita njia mbovu yamekusanyika kwa wingi na kwa sura nyingi kama hapa. Yapo ya kampuni za utalii, yapo ya Shirika la Hifadhi za Taifa, ambalo makao yake makuu yako Burka kando ya barabara hiyohiyo, yapo magari ya fahari ya serikali, maarufu kama mashangingi, na yapo magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu na ya mashirika mengine ya kimataifa yaliyoufanya mji huu kuwa makazi yao. Katika miaka ya karibuni limeongezeka kundi jingine, la magari ya watu binafsi yenye bei ya mamia ya milioni za shilingi na injini ambazo nguvu zake huzidi za malori mengi ya mizigo. Wingi huo ndio unaoifanya Arusha kuwa mahali panapofaa kuuliza kama magari hayo yana thamani inayolingana na gharama zake, na jibu linategemea sana ni gari gani linalozungumziwa.

Magari yanayoitwa SUV yana mwili mrefu kwenda juu, tumbo lililoinuka kutoka ardhini, na kwa kawaida uwezo wa kusukuma magurudumu yote manne kwa wakati mmoja. Watu wanapobishana kuyahusu huchanganya sifa tatu ambazo kwa kweli hazitegemeani, nazo ni ukubwa, nguvu za injini na bei. Gari linaweza kuwa kubwa bila kuwa na nguvu nyingi, linaweza kuwa na nguvu nyingi bila kuwa imara, na linaweza kuwa ghali kwa sababu ambazo hazihusiani hata kidogo na barabara litakayopita. Anayetetea gari la milioni mia nne kwa hoja kwamba barabara za Tanzania ni mbovu hutumia sifa za gari la aina moja kuhalalisha ununuzi wa gari la aina nyingine, na mkanganyiko huo umeigharimu nchi fedha nyingi.

Historia ya magari haya inaonyesha jinsi sifa hizo zilivyotengana. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948 ikiwa gari la shambani, lenye bodi ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Toyota ilianza na gari la kijeshi lililoitwa BJ mwaka 1951 na kulipa jina la Land Cruiser mwaka 1954. Yote mawili yalikuja Afrika Mashariki kufanya kazi, na kwa miongo kadhaa Land Rover za paa la turubai au la bati zilibeba abiria na mizigo kutoka Arusha kwenda kwenye minada ya Umasaini, kwenye vijiji vya Simanjiro na kwenye machimbo ya tanzanaiti ya Mererani. Hata Range Rover ya kwanza, iliyotolewa mwaka 1970 na ambayo leo jina lake ni alama ya utajiri, ilikuwa na sakafu inayoweza kuoshwa kwa mpira wa maji, kwa kuwa waliotarajiwa kuinunua walikuwa wenye mashamba. Mabadiliko makubwa yalikuja mwishoni mwa karne iliyopita na mwanzoni mwa hii. BMW ilitoa X5 mwaka 1999, Porsche ikatoa Cayenne mwaka 2002, na baadaye Bentley, Lamborghini, Rolls-Royce na hata Ferrari zikaingia katika soko hilohilo. Lamborghini Urus, iliyozinduliwa mwaka 2017, ilikuwa na nguvu za farasi 650. Magari hayo yalirithi umbo la gari la shambani, lakini yaliundwa kwa ajili ya barabara za lami zilizonyooka.

Inafaa kukumbuka kwamba mashindano magumu kuliko yote ya magari katika ukanda huu hayakuwa ya magari makubwa. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika msimu wa mvua, na waliotawala miaka yake ya fahari walikuwa Peugeot 404, iliyoshinda mara nne kati ya 1963 na 1968, Datsun 240Z iliyoshinda 1971 na 1973, na Mitsubishi Colt Lancer ambayo Joginder Singh wa Kenya aliiendesha kwa ushindi mwaka 1974 na 1976. Yote yalisukumwa na magurudumu mawili tu ya nyuma, na yalikuwa mepesi. Kilichoyavusha matope ni uimara wa mfumo wa chini, wepesi wa kutengenezeka njiani na ustadi wa madereva.

Mfano ulio bora zaidi, hata hivyo, hupita Elerai kila siku. Magari mengi ya watalii ya Arusha ni Land Cruiser za familia ya 70, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1984 na inaendelea kuuzwa hadi sasa katika masoko ya Afrika ikiwa imebadilika kidogo sana. Injini iliyozoeleka zaidi katika magari hayo huitwa 1HZ. Ni injini ya dizeli ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, yenye ujazo wa lita 4.2, isiyo na tabo, yaani ule upepeo unaoshindilia hewa ndani ya injini ili ichome mafuta mengi zaidi kwa wakati mmoja. Nguvu zake ni za farasi takriban 130 tu. Nguvu yake ya kukokota, ambayo ni ule msokoto unaogeuza magurudumu na hupimwa kwa nyutoni-mita, ni takriban 285, na hupatikana injini ikizunguka polepole, jambo ambalo ndilo hasa linalohitajika gari linapopanda mlima au kujinasua kwenye tope. Pampu yake ya mafuta huendeshwa kwa gia na vyuma, bila kompyuta.

Ipo hesabu moja inayostahili kufanywa hapa. Hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda juu, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko karibu mita 2,300. Kwa hiyo gari la watalii linalopanda kutoka lango la hifadhi la Loduare likiwa na wageni sita, mizigo yao, chakula, maji na matangi mawili ya mafuta, hufanya kazi hiyo likiwa limebaki na nguvu za farasi takriban 100, ambazo ni pungufu ya zile zinazotajwa kwenye vitabu kwa Toyota IST yenye injini ya lita 1.5. Kisha gari hilohilo huteremka kwenye sakafu ya kreta, mahali ambapo kanuni haziruhusu gari lisilosukuma magurudumu manne, na hurudi juu jioni. Kazi ngumu kuliko zote zinazofanywa na magari madogo ya abiria nchini hufanywa na gari lenye nguvu za kawaida kabisa, na linaweza kuifanya kwa sababu lina gia ya pili ya kupunguza mwendo, inayozidisha msokoto magurudumuni, pamoja na chasi iliyoundwa kwa ajili ya mateso.

Linganisho na Land Cruiser 300, iliyotoka mwaka 2021 na kuwa ndiyo shangingi la zama hizi, linaonyesha pengo lilivyo. Injini yake ya petroli ina silinda sita, ujazo wa lita 3.5, tabo mbili na nguvu za farasi 409, na inaweza kulifikisha gari la karibu tani mbili na nusu kwenye mwendo wa kilometa 100 kwa saa katika muda usiofika sekunde saba. Ni kazi ya uhandisi ya kustaajabisha, na haki itendeke kwa kusema kwamba tabo zake huliwezesha kutopoteza nguvu nyingi kwenye miinuko ya Meru na Ngorongoro. Lakini sheria ya Tanzania inaweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na ndani ya Hifadhi ya Serengeti kikomo ni hichohicho. Kwenye barabara ya Arusha hadi Dodoma yenye vijiji mfululizo, mahali ambapo dereva mwenye kutii sheria anaweza kuzitumia nguvu hizo zote ni pachache, na ni pafupi.

Tofauti kubwa zaidi haiko kwenye injini. Iko chini ya gari. Land Cruiser, ya 70 na ya 300 pia, pamoja na Mercedes G ya tangu 1979, bado hujengwa juu ya chasi, ambayo ni fremu ya vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, na bodi hufungwa juu yake kwa bolti. Magari mengi ya kifahari yenye kasi, kwa mfano Cayenne, Urus, X5 na Range Rover za sasa, hayana chasi ya namna hiyo; bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Mbinu hiyo hupunguza uzito na kulifanya gari litulie barabarani kwa kasi kubwa, lakini inalinyima jambo ambalo Arusha imelijengea utaalamu mzima. Katika karakana za jiji hili, chasi ya Land Cruiser hukatwa, huongezwa kipande, huunganishwa upya na kuimarishwa, kisha bodi ndefu yenye viti saba, madirisha makubwa na paa la kuinuka huwekwa juu yake. Fundi anayeifanya kazi hiyo hajali sana idadi ya farasi. Anachotazama ni unene wa chuma, springi za majani zinazoweza kuongezwa jani moja au mawili, na kama bushi na shokapu zake zinapatikana dukani bila kuagizwa ng'ambo.

Tairi nazo zinaeleza habari hiyohiyo. Gari la kazi huvaa tairi ya ukubwa wa 7.50R16 kwenye rimu ya chuma, na ubavu wa tairi hiyo, yaani sehemu ya mpira kati ya rimu na ardhi, ni karibu sentimita 19 au 20. Gari la kifahari huvaa rimu ya aloi ya inchi 22 yenye tairi ambayo ubavu wake mara nyingi ni sentimita 11 hivi. Ubavu mfupi huligeuza gari kwa wepesi kwenye kona ya lami, lakini ukigonga jiwe kali kwenye barabara ya moramu ya kutoka lango la Loduare kwenda Seronera, katikati ya Serengeti, pigo hilo huifikia rimu moja kwa moja. Kadhalika shokapu za upepo, ambazo huinua na kushusha gari kwa mifuko ya hewa, hufanya safari iwe laini kupita kiasi, lakini mifuko hiyo na pampu yake huteswa na vumbi la majivu ya volkano ambalo Mlima Meru, uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, umeutandazia ukanda huu mzima. Tena zipo injini za dizeli za Ulaya za miaka ya karibuni, zenye vichujio vya moshi vilivyobuniwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, ilhali kiwango kilichokubaliwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2015 ni sehemu 50. Kichujio kikiziba, kompyuta ya gari hupunguza nguvu za injini yenyewe, na mwenye gari atalazimika kutafuta mashine ya kulipimia, ambayo haipatikani kila mahali.

Pamoja na hayo, wanaoyatetea magari makubwa wana hoja ambazo hazipaswi kudharauliwa. Barabara nyingi za mitaa ya Arusha, hasa kwenye miteremko ya Ilboru, Sakina na Moshono, hubadilika masika kuwa utelezi mtupu, na gari lenye tumbo la juu na linalovuta kwa magurudumu yote hufika mahali ambapo gari dogo halifiki. Gari la wagonjwa linalomfuata mama mjamzito Longido au Loliondo halina budi kuwa la aina hii, na anayelalamikia magari yote makubwa kwa mkupuo mmoja huwasahau wagonjwa hao. Safari ya saa kumi kwenda Dar es Salaam haichoshi sana ndani ya gari zito lililotulia. Abiria wake pia, likigongana na gari dogo, wana nafasi kubwa zaidi ya kutoka salama, kwa kuwa katika mgongano wa magari mawili lile zito husukuma na lile jepesi husukumwa.

Lakini hoja hiyo ya mwisho ina upande wake wa pili, na upande huo ndio mzito zaidi kwa mji ambao watu wake wengi hutembea kwa miguu au hupanda bodaboda na daladala. Usalama wa aliye ndani ya gari zito hulipiwa na aliye nje. Nguvu ya pigo huongezeka sambamba na uzito, na huongezeka mara nne mwendo unapozidishwa mara mbili, kwa hiyo gari la tani mbili na nusu kwenye mwendo wa 100 hubeba nguvu mara kumi ya ile ya Toyota Vitz ya tani moja kwenye mwendo wa 50. Urefu wa boneti nao una athari yake. Utafiti wa taasisi ya Marekani ya bima na usalama barabarani, IIHS, uliotolewa mwaka 2023 baada ya kuchambua karibu ajali 18,000 za watembea kwa miguu, ulionyesha kwamba magari yenye boneti inayozidi kimo cha mita moja hivi yana uwezekano wa asilimia 45 zaidi wa kumuua anayegongwa, yakilinganishwa na magari yenye boneti fupi iliyoinama. Boneti fupi humpiga mtu mzima miguuni na kumwangusha juu ya gari, lakini boneti ndefu humpiga kifuani au kichwani na kumsukuma chini. Kwa mtoto wa shule ya msingi anayevuka barabara Mbauda, boneti ya namna hiyo iko usawa wa kifua au kichwa chake, na dereva aliyekaa juu huenda asimwone kabisa anapokuwa karibu.

Ipo pia hatari ya kujiamini kupita kiasi. Makorongo yanayoshuka kutoka Meru na kupita katikati ya makazi ya Arusha hujaa maji kwa muda mfupi sana mvua inaponyesha mlimani, na mwezi Aprili 2024 mafuriko ya namna hiyo yalilisomba gari lililobeba wanafunzi na kuua kadhaa miongoni mwao. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani wamekuwa wakionya kwa miaka mingi kwamba maji yenye kina cha sentimita 60 hivi, yakiwa yanakwenda kwa kasi, yanaweza kuyachukua magari mengi, makubwa yakiwemo, kwa kuwa bodi pana hubeba hewa nyingi na huelea. Ukubwa wa gari haumpi dereva ruhusa ya kuingia kwenye korongo linalofurika, na mtu anayekaa juu ya tairi kubwa ndiye mwepesi zaidi wa kulisahau jambo hilo.

Gharama inahitaji kuelezwa kwa hesabu, kwa sababu bei inayotajwa na muuzaji wa Japani au Dubai ni mwanzo tu. Gari la abiria linapofika bandarini hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa ambao kwa injini inayozidi lita mbili ni asilimia 10, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na kila tozo huhesabiwa juu ya jumla iliyotangulia. Gari lililofika kwa milioni 100 hugeuka kuwa la milioni 162, kabla ya tozo ndogondogo nyingine na nyongeza inayotozwa magari yaliyochakaa kwa umri. Baada ya hapo huanza mafuta. Land Cruiser 300 ya petroli hunywa lita 13 hadi 15 kwa kilometa 100, ilhali IST hunywa lita sita au saba, na kwa bei ya petroli iliyokaribia shilingi 3,000 kwa lita katika miaka ya karibuni, tofauti hiyo katika safari moja ya Arusha hadi Dodoma ni kiasi cha shilingi laki moja. Tajiri aliyeipata fedha yake kwa halali anaweza kuamua kuilipa, na hakuna sababu ya kumlaumu.

Fedha ya umma ni jambo tofauti kabisa, na hapa mjadala una mizizi ya zamani katika mji huuhuu. Ni Arusha ambako TANU ilipitisha Azimio lake mwaka 1967 na kuwawekea viongozi masharti ya maadili, wakati ambapo neno Wabenzi lilikuwa tayari limeenea Afrika Mashariki kwa watu wakubwa waliojitenga na wananchi ndani ya Mercedes. Mercedes zilipopisha Land Cruiser VX, shangingi likachukua nafasi ile ile katika malalamiko ya wananchi. Waziri Mkuu Mizengo Pinda, aliyeshika wadhifa huo kuanzia 2008 hadi 2015, alisikika mara kadhaa akitaka serikali ipunguze magari hayo. Mwezi Juni 2022, akisoma bungeni bajeti ya mwaka wa fedha 2022/23, Waziri wa Fedha na Mipango Mwigulu Nchemba alisema kuwa magari ya serikali yanagharimu zaidi ya shilingi bilioni 500 kwa mwaka, akapendekeza maofisa wengi wanaostahili magari wakopeshwe wanunue ya kwao. La kuzingatiwa zaidi katika maelezo yake ni kwamba ununuzi wa magari mapya ulichukua sehemu ndogo tu ya fedha hizo, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye mafuta, vipuri na matengenezo.

Takwimu hiyo inabadilisha swali. Serikali ikinunua gari la bei kubwa kwa sababu ya fahari, inajifunga kulilisha na kulitengeneza kwa miaka kumi au zaidi, na kila shokapu ya upepo inayokufa njiani Kondoa inalipiwa na mlipakodi. Mkurugenzi wa halmashauri ambaye siku nyingi huenda ofisini na kurudi nyumbani kwa barabara ya lami hahitaji gari linaloweza kuvuka mto, na ofisa ugani wa Longido anayelihitaji kweli mara nyingi hupewa pikipiki. Mgawanyo huo ni wa kinyume, na hautasahihishwa kwa kupiga marufuku aina fulani ya gari. Kinachotakiwa ni kila ombi la gari liambatane na maelezo ya njia litakazopita, mzigo litakaobeba na kilometa litakazokwenda kwa mwaka, ili Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini ununue gari linalolingana na kazi, na TEMESA, wakala wenye dhamana ya kulitengeneza, usipokee mzigo usiobebeka.

Nje ya Tanzania mjadala umechukua sura ya mazingira na nafasi mijini. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza kuwa mwaka 2023 magari ya SUV yalikuwa asilimia 48 ya magari yote mapya yaliyouzwa duniani, na kwamba moshi wa SUV zilizoko barabarani ulitoa zaidi ya tani bilioni moja za hewa ya ukaa. Mwezi Februari 2024 wakazi wa Paris walipiga kura, na kwa wingi mdogo wakakubali kuongeza mara tatu ada ya maegesho kwa magari mazito ya wageni wa jiji. Arusha haina sababu ya kuiga uamuzi huo kama ulivyo, kwa kuwa Paris haina Loduare wala Loliondo, lakini ina sababu ya kujifunza kwamba uzito wa gari unaweza kuwa kipimo cha kodi.

Mapenzi ya watu wa Arusha kwa magari haya ni ya kweli, na hayapaswi kubezwa. Tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 liliyakusanya jijini mamia ya magari, mengi yakiwa ya miongo kadhaa iliyopita na bado yanatembea kwa mikono ya mafundi wa hapahapa. Walioyashangilia walikuwa wanashangilia uimara, kwa kuwa Land Rover ya zamani haina kasi wala anasa. Utaalamu huohuo umeanza kuelekea kwingine: tangu mwaka 2018 kampuni ya utalii ya Arusha imekuwa ikitumia gari la safari lililoondolewa injini ya dizeli na kuwekwa mota ya umeme, jambo linalowezekana kwa wepesi zaidi kwenye gari lenye chasi. Mota ya umeme hutoa msokoto wake wote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, haipungukiwi na nguvu kwenye mwinuko, na huwafikisha wageni karibu na wanyama bila kelele.

Kilichobaki nyuma ni mfumo wa kodi. Kwa gari la abiria, ushuru wa bidhaa unaishia kwenye daraja la injini inayozidi lita mbili, kwa hiyo RAV4 kuukuu ya lita 2.4 ya mwalimu anayeishi Elerai hulipa asilimia ileile na shangingi la lita 5.7. Daraja moja au mawili ya juu, yanayohesabiwa kwa uzito wa gari na nguvu za injini kwa pamoja, yangewatoza zaidi wanaonunua kasi na fahari bila kumgusa mwalimu huyo wala kuiumiza sekta ya utalii, kwa kuwa sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari ina utaratibu wa kusamehe ushuru magari yaliyoundwa mahsusi kwa watalii na kuingizwa na wenye leseni. Mapato yake yangeweza kuelekezwa kwenye kuweka lami na mitaro katika barabara za kata, ambazo ubovu wake ndio umewafanya watu wengi wa kipato cha kati waamini kwamba hawana budi kumiliki gari kubwa.